Mtu wa Karibu na Boma

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua bado. Majani ya chai yameungua ncha kama nywele zilizokaribia moto. Nimechuma kilo kumi na moja tu kutoka asubuhi hadi saa nane, karani akaandika bila kuniangalia.

Daftari hili nimepewa na Fancy. Fancy ni mtoto wangu wa kwanza, ndiye mkutubi wa maktaba yetu hapa senta, ile iliyofunguliwa katika chumba cha zamani cha maziwa. Anataka sisi akina mama tulioacha shule tuwe tunaandika, mkono usisahau. Mimi niliachia darasa la tano. Nikamwambia sina la kuandika. Akasema niandike mvua. Basi: mvua bado.

Huyu mtoto amekonda. Anashinda na vitabu na kikombe kimoja cha chai isiyo na maziwa, na nyumbani ng'ombe tunao.

Jumapili, 16 Machi

Bado. Tumeombea mvua kanisani.

Jumanne, 18 Machi

Leo alikuja mwalimu Owino kutoka chuoni. Yeye hufundisha wakutubi, na ndiye aliyemfundisha Fancy. Tuliitwa akina mama na wazee tufundishwe kutambua habari za uongo za kwenye simu na hii kitu wanaita akili bandia. Sikumpenda. Viatu vyake havikuwa na tone la tope na alikuwa anatuambia "wananchi" kama anatuhesabu.

Alionyesha picha ukutani, mwanamke anachuma chai huku anacheka. Akauliza ni ya kweli au imetengenezwa na mashine. Sisi tukacheka kabla hajamaliza. Mwanamke anang'oa majani makuu ya chini, yale magumu, na anayarusha kwa kikapu. Karani gani atapima hiyo takataka? Owino akasema, hapana, tazameni vivuli. Hakuandika tulichosema.

Akatufundisha maswali matatu ya kuuliza kila habari ikija. Nani anasema? Amejuaje? Nani mwingine amesema? Fancy ameyaandika kwa chaki juu ya mlango. Nilimwambia Moureen pembeni kwamba nikimuuliza Baba Fancy hayo maswali matatu kila akirudi kutoka sokoni, nitahamia kwa ndama. Moureen alicheka mpaka akashika ubavu.

Moureen ni jirani yangu. Watu wao walitoka Kisii, wakanunua shamba linalopakana na letu Fancy akiwa nasari. Mimi na yeye tunachuma mstari kwa mstari. Bwana yake ni Omariba, daktari wa ng'ombe.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imefika, na mawe. Nusu ya machipukizi yako chini. Ukiomba, useme unataka ipi.

Jumanne, 25 Machi

Ugonjwa wa miguu na midomo uko Londiani. Ng'ombe anatoka povu, ulimi unapasuka, anasimama kama amekanyaga makaa. Omariba amepita boma zote kutuambia chanjo itakuja wiki ijayo pale joshoni, kila mtu alete wake. Kwangu alikunywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, akampapasa Neema tumbo akasema ana ndama mzuri. Neema ndiye ng'ombe wetu mwekundu. Baba Fancy akifa leo mimi nitalia, lakini Neema akifa sijui tutakula nini.

Jumatatu, 31 Machi

Wacha niandike tu.

Mchana nikiwa nimetua kikapu, simu ikalia. Dada yangu Chepngeno, aliyeolewa Mogogosiek, amenitumia sauti. Hakuandika neno, sauti tu. Nikafungua. Alikuwa Omariba. Anasema: "Mimi Omariba, daktari wa mifugo. Leo Jumamosi nimeshinda nikidunga ng'ombe huku, nimechoka, wacha niseme ukweli. Hii sindano ni ya kumaliza ng'ombe za hawa watu. Zangu sitadunga. Mwaka ujao mtaona kama kuna ndama."

Sauti yake. Vile anavuta pumzi kabla ya kusema "wacha". Ile "mtaona" yake.

Moureen alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anaimba. Nilimtazama mgongo wake na nikajiuliza huyu mwanamke amekula kwangu miaka mingapi.

Tangu zamani za baba yangu, habari mbaya ya ng'ombe haitembezwi na wanawake kwenye majani. Unaipeleka kwa mwenye josho, yeye ndiye anasema na watu. Mwenyekiti wa josho letu ni Kipngeno. Nikaenda kwake na kikapu nusu. Alisikiliza mara tatu, kichwa ameinamisha. Kisha akaniuliza, "Wewe ndio mnapakana na boma yake. Ni yeye?"

Nikasema, "Ni yeye. Hiyo sauti imekula kwangu."

Akaniomba nimtumie. Nikamtumia.

Jumanne, 1 Aprili

Iko kwenye grupu ya banda la kupimia majani, grupu ya maziwa, grupu ya kanisa. Kipngeno ameandika chini yake: "Imethibitishwa na mtu wa karibu na boma yake." Hakutaja jina. Nilishukuru, halafu nikaona haya kwamba nimeshukuru.

Fancy alirudi jioni, hakula. Akaniuliza kama nimesikia ile sauti. Nikasema nimesikia. Akasema, "Mama, mashine siku hizi inachukua sauti ya mtu na kuifanya iseme kitu hakusema. Omariba ametuma sauti ngapi kwenye grupu za maziwa akifundisha watu kulisha ndama? Hapo ndipo wameitoa." Nikamwambia ale kwanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya chanjo.

Mvua ilikuwa nyembamba. Omariba alifika joshoni saa mbili na pikipiki yake na sanduku la barafu. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kura, lakini hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Walisimama tu. Yeye akafikiri wamechelewa kuleta, akaanza kupanga sindano zake juu ya ukuta. Ndipo Kipngeno akamuuliza mbele ya watu kama ng'ombe wake amewadunga.

Omariba akasema nitaanza na wangu leo, mke wangu anawaleta. Mtu nyuma akasema, "Jumamosi ulisema hutawadunga." Wakacheka, kile kicheko kisicho na meno. Kipngeno akatoa simu yake, Omariba akasikilizishwa. Nilimwona uso. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa msiba wa kwao. Akasema, "Hiyo si mimi." Wakamwambia, "Ni jini yako?"

Moureen alikuwa anatokea njiani na ng'ombe wao watatu. Jiwe la kwanza lilimpata ng'ombe. La pili sijui lilitupwa na nani, lilivunja chupa za dawa. Vijana walikata magurudumu ya pikipiki. Omariba aliisukuma hivyohivyo mpaka kwake, sanduku kichwani mwa Moureen, na watu wanawafuata wakisema rudini kwenu. Rudini wapi? Watoto wao wote wamezaliwa pale ng'ambo ya ua wangu.

Mimi nilisimama upande wa watu. Sikusema rudini. Sikusema kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Fancy amebandika karatasi kwa mlango wa maktaba: SAUTI HII HAIJATHIBITISHWA. USIITUME MBELE. UKIJUA ILIKOTOKA, NJOO UNIAMBIE. Nilipita mara mbili, nikaisoma mara zote mbili.

Jumapili, 6 Aprili

Omariba ameondoka, amekwenda kukaa kwa ndugu yake upande wa Kiptere mpaka hasira ishuke. Kanisani hakuna aliyeketi benchi la Fancy isipokuwa mimi na baba yake.

Jumatano, 9 Aprili

Mlango wa maktaba umepakwa mavi ya ng'ombe. Fancy aliosha mwenyewe. Nilienda na ndoo nimsaidie, akanikataza, akasema nitachelewa majani. Wazazi wamekataza watoto kuingia. Ati Fancy anatetea watu wa kuja. Mama mmoja alirudisha kitabu kabla ya siku yake, akakiweka chini kwenye ngazi kama kinauma.

Jumatano, 16 Aprili

Mwalimu Owino amerudi, na ameharibu.

Fancy ndiye alimwita. Alisema kuna chombo kwenye kompyuta kinachopima sauti na kusema kama ni ya mtu au ya mashine. Akataka kiletwe watu waone kwa macho. Maktaba ilijaa, wengine madirishani. Owino alianza kwa kutusomesha tena, kwamba jukumu la mkutubi ni hili na lile, na kwamba sisi jamii tujifunze kuamini vyombo vilivyothibitishwa. Nilimwangalia Fancy, anakunjakunja kona ya daftari.

Owino akaweka sauti. Tukangoja. Mduara unazunguka kwenye kioo. Kisha akasoma kwa sauti kabla hajafikiri, maskini: "Asilimia themanini na nne, sauti ya mtu halisi."

Fancy akasema polepole, "Mwalimu, hicho kipimo kimewahi kusikia Kiswahili cha huku? Kimefundishwa na sauti za wapi?" Owino akajibu kwamba kinatumika nchi nyingi na kinaaminika. Fancy akasema, "Sijauliza kama kinaaminika. Nimeuliza kimefundishwa na sauti za wapi." Owino alipangusa miwani.

Kipngeno akasimama. "Mtu wa karibu na boma amesema ni yeye. Sasa mashine ya mwalimu wenu pia imesema ni yeye. Mkutubi, unataka tukuletee nani, malaika?"

Walicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Wengine walinigeukia wakanipa pole kwa macho, kwa sababu ya kuzaa mtoto mbishi. Na mimi nimekaa pale katikati, mtu wa karibu na boma, mikono kwenye mapaja.

Owino alipanda gari lake akisema ataandika ripoti. Fancy alibaki akipanga viti. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia awahi nyumbani kabla ya mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua siku nzima.

Jumanne, 22 Aprili

Moureen amerudi kuchuma. Wanawake wamemwachia mistari mitatu kila upande, anachuma peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Nilijisogeza nikafika karibu. Tulichuma, tap tap, mvua inadondoka kwenye plastiki tulizojifunga kiunoni.

Akasema bila kuinua uso, "Mama Fancy, nani wa karibu na boma yangu?"

Nikasema sijui.

"Kwa sababu upande huu ni wewe. Upande ule ni mto."

Nikasema watu husema mambo. Alihamia mstari mwingine. Nimeandika hili ili lisijifiche. Nilisema sijui.

Jumapili, 27 Aprili

Nilimpigia dada yangu Chepngeno. Aliitoa wapi ile sauti? Kwa mwanamke wa kwaya. Na huyo? Kwa shemeji yake. Na huyo? Chepngeno akasema, "Kwani sasa wewe ni polisi? Nilitaka tu uokoe ng'ombe wako." Yeye pia alikuwa na nia nzuri. Sisi wote tulikuwa na nia nzuri, na Omariba analala sakafuni kwa ndugu yake.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nilikuwa nafunga Neema kwenye malisho, nikawaona Moureen na watoto wakitoka kwao na nguo nyeupe, Biblia zimefunikwa na plastiki. Nimewaona hivyo Jumamosi zote kwa miaka yote. Ni Wasabato. Siku hiyo Omariba hachanji, hauzi, hata simu anazima.

Nikabaki na kamba mkononi.

"Leo Jumamosi nimeshinda nikidunga ng'ombe."

Nilisikia hayo maneno kwa masikio yangu, na nilijua huyu mtu Jumamosi yuko wapi. Kijiji kizima kilisikia, kijiji kizima kinajua. Hakuna aliyeweka hili juu ya lile. Tulisikia "ng'ombe za hawa watu" na masikio yakafunga hapo.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Fancy ile ya Jumamosi, sikumwambia ile nyingine. Alinikumbatia, mimi na unyevu wangu wote. Siku hiyo hiyo akaenda kanisa la Wasabato na kuuliza. Jumamosi zote za Machi Omariba alikuwepo, ndiye anayesimamia masomo asubuhi, jina lake liko kwenye daftari la zamu. Watu zaidi ya sitini walimwona.

Alhamisi, 8 Mei

Fancy alimpelekea Kipngeno lile daftari la zamu. Hakulifungua hata. Akasema hao sitini ni watu wake, wangesema nini? Na Msabato naye hutenda dhambi. Halafu akasema ile ile: niletee aliye karibu na boma akane, mimi nitanyamaza. Fancy alinisimulia akipika. Akasema, "Mama, kila mlango nikigonga nakuta huyo mtu mmoja amekaa nyuma yake."

Nikatoka nje kwenda kumtazama Neema.

Jumanne, 13 Mei

Ugonjwa umevuka. Boma mbili ng'ambo ya mto. Ndama watatu wamekufa. Wenye maziwa wanamwaga.

Ijumaa, 16 Mei

Fancy ameandikiwa barua. Kamati ya senta, na Kipngeno yumo, inataka maktaba ifungwe mwisho wa mwezi kwa sababu "inaleta mgawanyiko". Baba Fancy aliisoma akasema mtoto angenyamaza tu kama wengine. Nikamwambia huyo mtoto alijifunza wapi kusema ukweli, kwako au kwangu? Akaniangalia vile hajaniangalia siku nyingi. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta maktaba mchana, peke yake, anafuta vumbi kwenye vitabu ambavyo hakuna mtu anashika. Nikaketi kwenye kiti cha watoto. Nikasema, "Mtu wa karibu na boma ni mimi."

Aliendelea kufuta kitabu kimoja. Kisha akaketi mbele yangu, na akaniuliza kama anavyomuuliza mtu asiyemjua. Nani alikutumia? Ulimpa nani? Ulisema nini, maneno yenyewe? Nikajibu yote. Hakuandika. Nilipofika "imekula kwangu" akafunga macho.

Nikamwomba aende amwambie Kipngeno, yeye anajua kupanga maneno. Alikataa.

"Mimi siwezi kukusemea, mama. Nikisema mimi ni uvumi mwingine. Chanzo ni wewe."

"Watanila."

"Watakula," akasema. "Mimi wamenila tangu Aprili."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo iliuma. Nilitaka anipigie kelele nimwombe msamaha, lakini aliinuka akanipa leso nijipanguse, halafu akarudi kwa vitabu vyake.

Jumanne, 20 Mei

Sikwenda kuchuma. Nilisema ni tumbo.

Jumatano, 21 Mei

Tumbo.

Alhamisi, 22 Mei

Saa tisa lori la majani lilikuwa halijafika. Banda limejaa, kila mtu na majani yake, mvua inapiga mabati. Kipngeno alikuwa pale kwenye mizani na karani. Moureen amesimama nje ya paa, mvua inamnyeshea, kwa sababu ndani hakuna anayesogea akiingia.

Nilifikiri nitaanza vizuri, nisalimie, niseme Bwana asifiwe. Nilianza tu.

"Mtu wa karibu na boma ni mimi."

Waliokuwa karibu wakageuka. Nikasema tena kwa nguvu kwa sababu ya mabati. Nikasema dada yangu alinitumia, nikampelekea Kipngeno, akaniuliza kama ni yeye nikasema ni yeye. Nikasema nilijua sauti, lakini sikujua kama mdomo wake uliisema. Sikumwuliza Omariba. Sikumwuliza Moureen, na alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Na sauti ile inasema Jumamosi. Nani hapa amewahi kumwona huyo mtu akidunga ng'ombe Jumamosi?

Kipngeno akasema, "Mama Fancy, umefundishwa hayo na mtoto wako ili asifukuzwe."

"Mtoto wangu amekataa kunifundisha. Ningefundishwa ningesema vizuri kuliko hivi."

Mtu akacheka kidogo. Mwingine akasema basi mimi ni mchawi wa jirani, nakula na wao mchana nawauza jioni. Nikasema ndiyo, andikeni hivyo. Mwanamke mmoja niliyemzalisha kwa mikono yangu alitema mate karibu na kikapu changu. Kipngeno akasema mtu aliyedanganya mara moja, tutajuaje leo si mara ya pili? Ni swali zuri.

Ndipo akasema Mama Caren. Mama Caren ni mzee, ameketi juu ya gunia lake, na hampendi Omariba, kila mtu anajua.

"Mimi simpendi huyo mtu mpaka leo," akasema. "Ng'ombe wangu alishindwa kuzaa Jumamosi, mwaka juzi. Nilimtuma kijana wangu Kipyegon amwite kanisani. Akasema jua lizame kwanza. Alikuja jua limezama, ndama amekufa. Nilimtukana na mama yake mzazi. Kama alikataa kuokoa wangu Jumamosi, sasa Jumamosi gani hiyo alishinda akidunga za wengine?" Akafunga khanga. "Hiyo sauti ni ya uongo. Na bado simpendi."

Chuki ya Mama Caren waliiamini kuliko watu sitini na daftari.

Lori likafika, wakainama kubeba. Kipngeno alisema josho ni la kamati na funguo anazo yeye, hakuna atakayedungia mtu ng'ombe pale. Akaenda. Nilipoinua macho nitafute Moureen, alikuwa ameingia chini ya paa. Hakunitazama. Alikuwa anapimiwa majani.

Ijumaa, 23 Mei

Nimetolewa kwenye grupu ya banda. Ndiyo mara ya kwanza simu kukaa kimya tangu inunuliwe.

Jumatatu, 26 Mei

Mistari mitatu kila upande. Sasa tuko wawili, Moureen kule, mimi huku, na hatusogeleani.

Alhamisi, 29 Mei

Owino alimpigia Fancy. Amesikia. Akasema somo la kile chombo ataliondoa, na mwaka ujao atafundisha wakutubi kuanza na watu wa mahali kabla ya mashine. Akamwomba Fancy aandike jinsi ilivyokuwa, wakutubi wengine wasome. Fancy akasema, "Ungeliondoa kabla, mwalimu." Nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni, nikafurahi vibaya. Halafu nikamsikia akimwuliza kurasa ngapi.

Kamati haikukaa. Barua haijafutwa, lakini hakuna aliyekuja kufunga mlango. Jana mtoto mmoja aliingia, akatoka na kitabu amekificha ndani ya sweta.

Jumanne, 3 Juni

Omariba amerudi. Josho limefungwa, kwa hiyo anapita boma kwa boma, kwa miguu, pikipiki bado. Mama Caren alikuwa wa kwanza. Alimpa ng'ombe wake na akamwambia asizoee. Boma saba zimekubali, kumi na tisa zimefunga milango. Fancy anatembea naye na daftari, anaandika ni nani amechanjwa na tarehe.

Alhamisi, 5 Juni

Walikuja kwetu asubuhi. Baba Fancy alikuwa ameenda kukata nyasi, makusudi nafikiri. Fancy alisimama nje ya zizi na kalamu. Nilimshika Neema kichwa, Omariba akapitia ubavuni. Amezeeka shingo. Sikujua niseme nini, nikasema ndama atazaliwa mwisho wa mwezi. Akasema ameona.

Alidunga, akapapasa mahali pale kwa kidole gumba kama anavyofanya siku zote. Nikasema, "Daktari, nilikukosea."

Akaifunika sindano yake. "Uliisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na ulisikia ni mimi."

Nikasema nilisikia ni yeye. Sikutaka kumdanganya tena.

Neema alikuwa ananilamba kiwiko. "Mama yangu yuko Kisii," akasema, "ana miaka themanini. Ilimfikia huko pia. Alinipigia akilia, akaniambia nisirudi kwake mpaka nimwombe Mungu msamaha kwa kutaka kumaliza ng'ombe za watu. Nimemwambia mara nne si mimi. Anasema yeye ndiye alinizaa, hawezi kukosea sauti yangu."

Akachukua sanduku, akaniuliza boma inayofuata ni ipi.

Nikamwambia nikimaliza kumfungulia Neema nitampeleka huko mimi mwenyewe. Na namba ya mama yake, kama atanipa, nitampigia. Nitamwambia hata mimi nilikuwa na hakika.

Kisha akaisoma namba, polepole, na Fancy akaniandikia kwenye kiganja.